Guido wa Arezzo: Mtawa Aliyetuachia Do, Re, Mi



Wapendwa wanakwaya na waumini wote, katika kijitabu hiki cha jubilei ya miaka 25 mtasoma historia ya kwaya yetu, majina ya viongozi waliotangulia na ratiba ya siku ya leo. Kamati iliomba tuongeze maisha ya mtu mmoja aliyeisaidia kazi ya uimbaji katika Kanisa. Tumemchagua mtu ambaye matunda yake tunayatumia kila Jumamosi mazoezini tunapofungua karatasi za solfa, ingawa wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake. Huyo ni Guido wa Arezzo, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto.

Guido alizaliwa karibu mwaka 991. Alilelewa na kusomea katika monasteri ya Pomposa, karibu na mji wa Ferrara, upande wa pwani ya mashariki ya nchi tunayoiita leo Italia. Maisha ya monasteri yalikuwa sala, kazi na masomo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inapanga kwamba Zaburi zote 150 ziimbwe ndani ya juma moja. Watawa waliamka usiku kuimba, wakaimba alfajiri, wakaimba mchana, na kabla ya kulala wakaimba tena. Kwa mtawa wa wakati huo, kuimba ndiko kulikokuwa kazi yake ya kwanza.

Lakini nyimbo hizo zilijifunzwa kwa kusikia tu. Mwalimu aliimba, wanafunzi wakafuata, wakarudia mpaka wimbo ukashika. Njia hii inajulikana katika dini nyingi. Watawa wa Kibudha wa Sri Lanka na Thailand hukariri sala zao kwa lugha ya Kipali, na watoto wa madrasa hapa kwetu huhifadhi Kurani kwa moyo. Ni njia njema, ila inadai miaka mingi. Guido aliona waimbaji wakijifunza kwa miaka kumi, na bado hawawezi kuimba wimbo mpya bila mwalimu kuwatangulia. Alama za muziki zilikuwepo vitabuni, lakini nyingi zilionyesha tu kwamba sauti inapanda au inashuka. Hazikusema inapanda kiasi gani.

Akiwa Pomposa pamoja na mtawa mwenzake aitwaye Mikaeli, Guido alianza kuandaa kitabu cha nyimbo kwa utaratibu mpya. Alipanga mistari, na kila noti ikakaa juu ya mstari au katikati ya mistari miwili. Mstari mmoja aliupaka rangi nyekundu na mwingine rangi ya manjano, ili mwimbaji ajue mara moja nusu sauti iko wapi. Vijana waliofundishwa hivyo waliweza kuimba wimbo ambao hawajawahi kuusikia.

Mtu angedhani watawa wenzake walishangilia. Haikuwa hivyo. Habari zake zilipoenea, wivu uliingia monasterini. Wenzake wakampinga, na hata abate wao akasimama upande wa wapinzani. Karibu mwaka 1025 Guido aliondoka Pomposa, nyumba iliyomlea, akaenda mji wa Arezzo. Huko Askofu Theodaldo alimpokea na kumkabidhi waimbaji wa kanisa kuu awafundishe. Ni katika mji huo alipoandika kitabu chake kiitwacho Micrologus, ambacho walimu wa muziki walikitumia kwa karne nyingi.

Sifa zake zilifika Roma. Baba Mtakatifu Yohane wa 19 alituma wajumbe kumwita. Guido alimwonyesha kitabu chake cha nyimbo na kumweleza kanuni zake. Baba Mtakatifu hakukubali kuinuka alipoketi mpaka amejaribu mwenyewe, na akafaulu kuimba mstari mmoja ambao hakuwahi kuusikia. Guido hakukaa sana Roma. Joto la kiangazi na unyevu wa mahali pale vilimdhoofisha afya, ikabidi aondoke.

Wakati huo alikutana na abate wa Pomposa. Abate aliutazama ule utaratibu, akauelewa, akajuta kwamba aliwaunga mkono waliompinga, na akamwomba arudi nyumbani. Guido hakushika kinyongo. Alimwandikia Mikaeli, aliyebaki Pomposa, barua ndefu akimweleza yote aliyoyagundua, ili wale wale waliomkataa nao wafaidike.

Katika barua hiyo ndimo ilimo zawadi yetu. Guido alitumia wimbo wa kumheshimu Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake sita ya kwanza kila mmoja unaanza sauti moja juu ya uliotangulia. Akachukua silabi ya kwanza ya kila mstari: ut, re, mi, fa, sol, la. Mwanafunzi aliyesahau noti alikumbuka mstari unaoanza na noti hiyo, basi akaipata. Muziki uliochukua miaka kumi sasa ulijifunzwa kwa mwaka mmoja au miwili.

Inaaminika Guido alifariki baada ya mwaka 1033. Karne nyingi baadaye ut iligeuzwa kuwa do, na noti ya saba ikaongezwa. Katika karne ya 19 huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover wa Norwich alitumia silabi hizo kufundishia watoto, na mchungaji John Curwen akazieneza kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Wamisionari walizileta Afrika. Ndiyo maana mama wa kijijini ambaye hajawahi kugusa kinanda anaweza leo kuisoma alto yake bila wasiwasi.

Sisi tunajua hasara ya wimbo kukaa kichwani mwa mtu mmoja. Mwalimu wetu wa kwanza alitunga nyimbo nyingi na kutufundisha kwa mdomo. Mungu alipomwita, tulikaa majuma matatu tukijaribu kuukusanya wimbo wake wa matoleo. Soprano walikuwa nao wote. Alto walibishana. Tena walipata karibu yote. Besi ya ubeti wa tatu haikupatikana, na hadi leo ubeti huo tunauimba kwa sauti ya kwanza peke yake. Mtausikia katika Misa ya leo.

Tukiri pia kwamba wivu wa Pomposa tunaufahamu. Imewahi kutokea kwetu mwenzetu anajifunza kusoma solfa, tukamwambia anajidai. Imewahi kutokea karatasi za wimbo mpya kubaki mfukoni mwa mtu mmoja ili yeye ndiye ategemewe. Tulipoteza waimbaji wazuri kwa sababu hiyo. Baadhi yao wameketi leo katikati ya waumini, nasi tunawaomba msamaha na kuwakaribisha warudi, kama abate alivyomkaribisha Guido.

Kwa hiyo kwaya imeazimia kwamba kabla mwaka huu wa jubilei haujaisha, nyimbo zetu zote ziandikwe kwa solfa, sauti zote nne, na nakala iwekwe katika ofisi ya parokia. Kila mwanakwaya atafundishwa kusoma, mkubwa kwa mdogo. Mazoezi ya kusoma yatakuwa nusu saa kila Jumamosi kabla ya kuanza nyimbo.

Na ikiwa kuna mzee wetu anayekumbuka besi ya ule ubeti wa tatu, tafadhali tuonane baada ya Misa. Kalamu na karatasi tutakuwa nazo tayari.

Mungu awabariki nyote. Jubilei njema!