James Jamerson, mpiga besi aliyekosa jina

Wiki hii naandika nikiwa Kiandutu, kule Thika, mtaa wa mabati ambao wakazi wake wengi huamka alfajiri kufuata vibarua viwandani na kwenye mashamba ya mananasi. Jirani yangu ni fundi wa redio. Kila akimaliza kutengeneza spika huijaribu kwa wimbo ule ule, Sina Makosa wa Les Wanyika. Nilimuuliza kwa nini huo tu. Akaniambia spika mbovu hujulikana kwa besi, na besi ya wimbo ule haidanganyi. Na anayeipiga ni nani? Hakujua. Vijana waliokaa pale kibandani walimtaja John Ngereza bila kufikiri, lakini mwenye besi hakuna aliyemjua.

Ni Tom Malanga. Yeye na Omar Shabani walikuwa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, kisha mwaka 1978 wakatoka na wenzao kuunda Les Wanyika. Mpiga besi ni kama mpishi wa harusi. Watu wanakula, wanasifu pilau, wanampongeza bwana harusi, na mpishi yuko uani na moshi wake. Ndiyo maana nataka kusimulia habari za mpishi mkubwa kuliko wote kwa kipimo changu, Mmarekani James Jamerson. Najua wapo kati yenu wasiopenda habari za ala za muziki, na sina ugomvi nao. Hii ni habari ya mtu na kazi yake.

Jamerson alikuwa mtu wa pwani kama sisi. Alizaliwa Januari 29, 1936, katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina. Visiwa vile ni vya watu wanaoitwa Gullah, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima mpunga na pamba, ambao hadi leo wana lugha yao iliyochanganya Kiingereza na maneno ya Afrika. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto alichomeka kijiti kwenye kichuguu, akafunga mpira juu yake, akawa anaudonoa ili kuwachezesha chungu. Nani kati yetu hakuwahi kutengeneza zeze la mkebe?

Mama yake alikuwa ametangulia Detroit kutafuta riziki, naye akamfuata mwaka 1954. Detroit ilikuwa mji wa viwanda vya magari, kama Thika ilivyo mji wa viwanda, ila kwa ukubwa wa kutisha. Shuleni alijifunza besi kubwa ya mbao, ile ya kusimama nayo. Akapiga kwenye harusi na vilabu, na mwaka 1959 akaanza kurekodi na Motown, kampuni changa ya Berry Gordy, mtu aliyewahi kufanya kazi kiwandani kwa Ford na aliyeanza biashara kwa mkopo wa dola 800 za familia yake. Studio ilikuwa chumba kidogo ndani ya nyumba ya kawaida. Wanamuziki wenyewe walikiita Shimo la Nyoka.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kabla yake, kazi ya besi katika nyimbo za namna ile ilikuwa kugonga noti mbili tatu na kutulia. Jamerson alileta ujuzi wa jazi kwenye gita la umeme. Besi yake ilitembea, ikajibizana na mwimbaji, ikanyamaza pale usipotarajia, kisha ikarudi. Sikilizeni mwanzo wa My Girl wa Temptations, ile besi inayoingia kabla ya gita kama moyo unaodunda. Na yote hayo aliyafanya kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, kidole cha shahada, kilichopewa jina la Ndoana. Gita lake lilikuwa Fender ya 1962, nyuzi zake nene na nzito kubonyeza. Hakuzibadilisha mpaka zikatike. Aliamini uchafu ule ndio utamu wa sauti.

Alipiga katika nyimbo zaidi ya 20 zilizofika nambari moja Marekani. Paul McCartney wa Beatles amekiri mara nyingi kwamba alijifunza kwake. Lakini kwa zaidi ya miaka 10 majalada ya santuri za Motown hayakutaja wapigaji. Nisiwe mwongo: kufikia mwisho wa miaka ya 60 mshahara wake wa wiki ulikuwa mnono. Alichokosa ni jina, na haki ya mauzo. Jina lilikuja mwaka 1971, Marvin Gaye alipotoa albamu ya What's Going On na kuwataja wapigaji wake. Inasemekana usiku wa kurekodi wimbo wenyewe Jamerson alikuwa amelewa hata kukaa hawezi, akapiga akiwa amelala chali sakafuni.

Pombe, naam. Sitaificha, kwa sababu ndiyo iliyomla ini. Kampuni haikumshika mdomo ikamnywesha. Lakini mwaka 1972 Motown ilihamia Los Angeles na kuwaacha wengi wa wapigaji wake Detroit. Jamerson alifuata, na huko kazi zikapungua mwaka hadi mwaka.

Machi 25, 1983, kule Pasadena, Motown ilisherehekea miaka 25. Ni usiku ule Michael Jackson aliporudi nyuma kwa miguu dunia ikapiga kelele. Nyota wakapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, wengi wao kwa nyimbo zilizosimama juu ya kidole cha Jamerson. Yeye hakualikwa. Alinunua tiketi kwa mlanguzi, akakaa viti vya nyuma.

Alifariki Agosti 2 mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa Detroit. Heshima zilikuja baadaye: kitabu mwaka 1989, nafasi katika jumba la wakuu wa roki mwaka 2000, na filamu mwaka 2002. Siku chache kabla ya kifo chake, mwizi aliingia nyumbani kwake akabeba ile Fender ya 1962. Haijapatikana hadi leo.