Thomas Jefferson, Balozi Aliyezunguka Maduka ya Vitabu



Mhariri aliponitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri, sikuhangaika sana kumtafuta. Nimemchagua Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani. Wengi wetu tulimkuta katika somo la historia, tukaandika katika madaftari kwamba ndiye aliyetunga Tamko la Uhuru la mwaka 1776, tukafanya mtihani, tukamsahau. Mimi nilirudi kwake kwa njia ya vitabu vya mitumba. Kwa miaka mingi sasa, nitokapo kazini jioni, hupita kwa wale wauza vitabu wa Dar es Salaam wanaotandika bidhaa zao chini, nikitafuta vitabu vya diplomasia na siasa za nchi za nje. Nimepata vingi vyema, na viwili vitatu vina mihuri ya ofisi ambazo sitazitaja. Nyumbani huulizwa mzigo huu wote utaishia wapi. Swali hilo hilo ndilo lililomkabili Jefferson uzeeni, na jibu alilolipata lastahili kusimuliwa.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1743, huko Shadwell katika Virginia, wakati huo koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa mpima ardhi na mwenye mashamba. Alipofariki mwaka 1757, kijana alirithi ardhi, watumwa na vitabu vichache. Akasoma chuo cha William and Mary, kisha akajifunza sheria kwa wakili George Wythe. Angali mwanafunzi wa sheria, mwaka 1765, alinunua tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiingereza, kazi ya George Sale. Tutaikuta tena huko mbele.

Mwezi wa Februari, 1770, nyumba ya Shadwell iliungua na karibu vitabu vyake vyote vikateketea. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alianza upya, na katika miaka michache alikuwa na vingi kuliko vile vya kwanza. Hapo ndipo alipoonyesha ufundi wa mnunuzi wa mitumba: badala ya kungoja merikebu zilete vitabu vipya kutoka London, alitazama ni nani aliyefariki na kuacha maktaba. Peyton Randolph alipofariki mwaka 1775, Jefferson alinunua maktaba yake, na ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za kale za serikali ya Virginia ambazo pengine zingeishia kufungia bidhaa sokoni. Kufikia mwaka 1783 orodha yake ilikuwa na vitabu 2,640.

Mwaka uliotangulia, yaani 1782, mkewe Martha alifariki. Huzuni ilimwelemea, na rafiki zake wakaona heri apewe kazi ya mbali. Basi mwaka 1784 akaenda Paris kusaidia kujadiliana mikataba ya biashara na mataifa ya Ulaya, na mwaka uliofuata akashika nafasi ya Benjamin Franklin kama balozi wa Marekani nchini Ufaransa. Hapo ndipo mkusanyaji alipofika peponi. Baadaye alieleza kwamba kwa msimu mmoja au miwili ya kiangazi, kila alasiri asipokuwa na shughuli, alizunguka maduka makubwa ya vitabu ya mji ule, akigeuza kila kitabu kwa mkono wake mwenyewe na kununua kila kilichohusu Amerika. Tena aliweka maagizo ya kudumu kwa wauza vitabu wa Amsterdam, Frankfurt, Madrid na London wamtafutie vile visivyopatikana Paris. Katika miaka mitano alirudi na vitabu vipatavyo elfu mbili.

Wenzangu tuliomo serikalini twajua kwamba kuna watu wakitumwa nje hurudi na redio na suti. Simlaumu mtu, nami suti ninayo. Lakini hebu tazameni vitabu vya Jefferson vilifanya kazi gani. Rafiki yake James Madison, aliyebaki Virginia, alimwomba amtafutie maandishi juu ya mashirikisho ya mataifa, ya kale na ya wakati wao. Jefferson akamnunulia na kumpelekea masanduku. Madison alijifungia nayo, akachambua jinsi miungano ya Wayunani, Waswisi na Waholanzi ilivyoendeshwa na ilivyodhoofika, na mwaka 1787 akaingia katika mkutano wa katiba huko Philadelphia akiwa amejiandaa kuliko karibu wote waliokuwamo.

Mfano wa pili ndio niupendao zaidi, maana unanuka wino wa ofisi. Mwaka 1793 Jefferson alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje chini ya Rais Washington. Wafaransa walikuwa wamempindua na kumwua mfalme wao, na vita na Uingereza vimeanza. Marekani ilikuwa na mkataba na Ufaransa tangu 1778, uliotiwa sahihi wakati wa mfalme huyo. Je, mfalme akifa mkataba nao umekufa? Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, alishauri kwamba Marekani yaweza kuusimamisha. Jefferson akatoa vitabu vya wanazuoni wanne wa sheria za mataifa, Grotius, Pufendorf, Wolff na Vattel, akanakili maneno yao katika safu zilizopangwa bega kwa bega ili Rais aone mwenyewe wanapokubaliana na wanapotofautiana. Hoja yake ilikuwa kwamba mikataba hufungwa na mataifa, si na wafalme, kwa hiyo taifa likibadili serikali mkataba unabaki. Washington aliiacha mikataba isimame, huku nchi ikikaa nje ya vita. Kijana asomaye haya na aangalie: waziri hakusema tu kwamba ana hakika, alifungua ukurasa. Na kitabu kilikuwa karibu kwa sababu alikuwa amekwisha kukinunua zamani, kabla haja haijatokea.

Alipokuwa Rais (1801–1809) Marekani ilinunua Louisiana kutoka kwa Ufaransa kwa dola milioni 15, mwaka 1803. Muuzaji hakueleza mipaka waziwazi. Jefferson alikwenda likizo nyumbani kwake Monticello, akaingia katika maktaba na kuandika uchunguzi wa mipaka hiyo kutokana na vitabu vya wasafiri na mikataba aliyoiokota Paris. Mtumwa wake wa zamani, Isaac, alikumbuka alivyomwona akiwa na vitabu kama ishirini sakafuni kwa wakati mmoja, akisoma hiki, akiacha, akishika kile.

Nimetaja mtumwa, wala haifai kupita haraka. Mtu huyu aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa, katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Vitabu vilinunuliwa kwa jasho lao. Maktaba nzima ya haki za mataifa haikumfanya awafungulie, ila wachache sana. Nimesoma watetezi wake wengi, na bado sijaridhika.

Isitoshe, alikuwa mtu wa madeni: mengine aliyarithi kwa mkwewe, mengine ni ya kuishi kwa anasa kupita mapato. Mwezi Agosti 1814 majeshi ya Waingereza yaliteketeza jengo la Bunge mjini Washington pamoja na maktaba yake ya vitabu vipatavyo elfu tatu. Jefferson, mwenye miaka 71, akajitolea kuliuzia Bunge maktaba yake yote, kwa bei watakayoipanga wao, ila isigawanywe. Wabunge walibishana vikali. Wengine walisema vitabu vingi mno vimo katika lugha za kigeni, wengine waliona haya kulipia wanafalsafa wasioheshimu dini. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna somo ambalo mbunge hatapata siku ya kulihitaji. Tarehe 26 Januari, 1815, kura zilikuwa 81 kwa 71. Vitabu vilithaminiwa kwa ukubwa wa umbo, kuanzia dola 10 kwa vile vikubwa kabisa hadi dola moja kwa vidogo. Jumla, vitabu 6,487 kwa dola 23,950. Kati ya fedha hizo, zaidi ya dola elfu kumi na tano zilikwenda moja kwa moja kwa wadai wake wawili. Magari kumi ya farasi yakateremka na makabati yaliyopigiliwa mbao usoni. Mzee hakuweza kukaa na rafu tupu. Akaanza kununua tena.

Alifariki tarehe 4 Julai, 1826, miaka hamsini kamili tangu Tamko la Uhuru, siku moja na John Adams. Aliacha deni la zaidi ya dola laki moja. Mwezi wa Januari, 1827, watu 130 wa Monticello walinadiwa pamoja na ng'ombe na vyombo. Mwaka 1829 vikanadiwa vitabu vyake vya mwisho.

Vile alivyoliuzia Bunge navyo havikusalimika vyote. Moto wa tarehe 24 Desemba, 1851, uliteketeza kama theluthi mbili. Ile Kurani ilinusurika. Mwaka 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, aliishika katika sherehe yake ya kiapo. Maktaba yenyewe ilizidi kukua, na mwaka 1966 ilifungua ofisi Nairobi kukusanya machapisho ya sehemu zetu hizi, ya Kiswahili yakiwamo.

Kwa wanaopenda kupekua kama mimi, nawaachia alama. Wachapaji wa zamani waliweka herufi chini ya ukurasa wa kwanza wa kila karatasi iliyokunjwa. Jefferson hakuandika jina lake usoni mwa kitabu. Alitafuta karatasi yenye herufi I, ambayo kwa desturi ya Kilatini ilisimama pia badala ya J, akatangulizia T. Kwenye karatasi ya T akafuatishia I. Kwa alama hiyo watu wa maktaba ile wamevitambua vitabu vyake. Na tangu miaka ya mwisho ya 1990 wamekuwa wakitafuta, kitabu kwa kitabu, matoleo yale yale yaliyoungua mwaka 1851, wakinunua kwa wauza vitabu vya kale.