Harry Thuku, Karani wa Simu Aliyeutikisa Mji wa Nairobi

Kabla ya kukamatwa kwake mwezi Machi 1922, Harry Thuku alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alihudumu katika mitambo ya simu ya Ofisi ya Hazina mjini Nairobi, kazi yenye mshahara wa uhakika ambayo Waafrika wachache wa enzi hizo waliweza kuipata. Wakuu wake walipotambua kwamba ndiye aliyekiongoza chama kilichopinga kodi na kipande, walimtaka achague kati ya siasa na ajira. Alichagua siasa, na kazi ikamponyoka.

Thuku alizaliwa mwaka 1895 Kambui, Kiambu, akapata elimu yake kwa wamisionari. Alifika Nairobi mwaka 1911 akiwa kijana, na mwanzo wake huko haukuwa mzuri, kwani alitiwa gerezani kwa kughushi hundi. Baada ya kifungo alipata kazi katika kiwanda cha gazeti la walowezi. Humo alisoma kwa macho yake jinsi walowezi walivyojadili ardhi na jasho la Waafrika, na yawezekana kwamba hakuna shule iliyomfunza zaidi ya hiyo.

Malalamiko yalikuwa mengi. Tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alilazimika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na kumbukumbu za mwajiri, iliyotiwa katika kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Aliyeacha kazi bila ruhusa aliweza kufuatiliwa na kushtakiwa. Kodi ilipandishwa hadi shilingi 16 kwa mwaka. Wanawake na wasichana walipelekwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi kwa shinikizo la machifu. Kisha, mwaka 1921, waajiri wa Kizungu wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Mwezi Juni mwaka huo Thuku na wenzake waliunda chama cha vijana wa Kikuyu. Hakikudumu na jina hilo. Wiki chache baadaye kiliitwa East African Association, kwa kuwa wafanyakazi wa Nairobi walikuwa wa makabila mengi na mzigo wao ulikuwa mmoja. Hatua hiyo haikupewa uzito uliostahili wakati ule, lakini ndiyo iliyoitia serikali hofu zaidi. Chama kilipeleka malalamiko yake London kwa simu ya maandishi, kikiwaruka machifu na maofisa waliodai kuwa ndio wasemaji halali wa Waafrika. Kilishirikiana pia na Wahindi wa Nairobi, waliokisaidia kwa uchapishaji. Katika mikutano ya hadhara Thuku aliwahimiza watu wavikusanye vipande vyao na kwenda kuvirudisha kwa Gavana.

Alikamatwa tarehe 14 Machi, 1922. Wafanyakazi waligoma, na umati ukapiga kambi nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Tarehe 16 wajumbe wao walizungumza na ofisa mkuu wa serikali, wakarudi na ombi kwamba watu watawanyike. Baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipowakabili wanaume hao kwa ishara ya matusi makubwa kwa mila za Wakikuyu, akiwasuta kwa woga, na wanawake wenzake wakampokea kwa vigelegele. Umati ukasonga mbele kuelekea langoni. Askari wakafyatua risasi, na inaelezwa kuwa walowezi waliokuwa katika baraza ya hoteli ya Norfolk nao walifyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Taarifa rasmi ilitaja vifo 21; wengine walitaja idadi kubwa zaidi.

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alihamishiwa Kismayu, na baadaye Marsabit, akakaa mbali na kwao hadi mwishoni mwa 1930. Kodi ilipunguzwa hadi shilingi 12, lakini kipande kiliendelea kuvaliwa kwa miaka mingi.

Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Mwaka 1932 alichaguliwa rais wa Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kimeshika nafasi ya kile cha kwanza. Hakuelewana na wenzake, na mwaka 1935 alianzisha chama chake kilichoahidi kuiheshimu serikali. Wakati wa Mau Mau aliwalaani wapiganaji hadharani, jambo ambalo wengi hawakumsamehe. Nguvu zake alizielekeza katika kilimo cha kahawa huko Kiambu, na humo alifanikiwa. Alifariki dunia tarehe 14 Juni, 1970, mwaka ambao kitabu cha maisha yake kilichapishwa.

Barabara yenye jina lake jijini Nairobi inapita mbele ya hoteli ya Norfolk, hatua chache kutoka Kituo Kikuu cha Polisi.