Rose Kushner na Karatasi ya Ridhaa

Aghalabu walimu wa lugha tunapofafanua neno ridhaa huchota mifano katika sheria na ndoa. Mimi hupendelea kuichota katika maisha ya Rose Kushner, mwanahabari Mmarekani aliyezaliwa Baltimore mwaka wa 1929.

Mnamo Juni 1974 Kushner aligundua uvimbe katika titi lake. Ada ya wapasuaji wa Marekani zama hizo ilikuwa kwamba mwanamke atie sahihi karatasi moja, apewe nusukaputi, kisha akatwe kipande cha uvimbe na kipimwe papo hapo. Saratani ikibainika, titi lote liliondolewa kabla hajazinduka, mara nyingi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, kwa mbinu iliyoenezwa na William Halsted tangu miaka ya 1890. Hebu msomaji itazame karatasi hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Sahihi moja inajibu maswali mawili, na la pili halina maana kabla ya jibu la la kwanza kujulikana. Sioni vipi hiyo iitwe ridhaa.

Kushner alikataa. Ilimbidi awapigie simu wapasuaji wengi hadi akampata aliyekubali kupima tu na kungoja. Saratani ilipothibitishwa, alisafiri hadi Buffalo kufanyiwa upasuaji usiogusa misuli ya kifua. Septemba mwaka huo huo, Betty Ford, mkewe rais, alipokuwa akingojea upasuaji, Kushner alipiga simu Ikulu kusihi hatua hizo mbili zitenganishwe. Hakusikilizwa. Mwaka wa 1975 alichapisha kitabu kuhusu maradhi hayo, akaanzisha pia kituo cha kuwashauri wagonjwa. Baadhi ya wapasuaji walimzomea.

Sipendi kumpamba kupita kiasi. Ushahidi kwamba mbinu ya Halsted haikurefusha maisha kuliko upasuaji mdogo ulitokana na majaribio ya madaktari wenyewe, hasa Bernard Fisher. Hata hivyo, takwimu za Fisher hazikuuliza iwapo mwanamke ana haki ya kuamka kati ya kipimo na kisu. Swali hilo lilihitaji mtu aliyewahi kulala kitandani pale.

Mwaka wa 1979 Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani ziliunda jopo la kuafikiana kuhusu matibabu ya saratani ya titi. Kushner, asiye daktari, aliketi humo. Jopo liliamua kwamba mbinu ya Halsted isiwe tena kipimo cha tiba, na likapendekeza kwamba, katika hali nyingi, kipimo na upasuaji vitenganishwe. Mwaka uliofuata Rais Jimmy Carter alimteua katika bodi ya kitaifa ya ushauri kuhusu saratani.

Katika miaka ya 1980 aliwageukia madaktari wa dawa kali za saratani, akihoji wepesi wa kuzitoa kwa kila mgonjwa. Maradhi yenyewe yalimrudia, naye akafariki Januari 1990 akiwa na miaka 60.