Khabari za Abu Bakr Ar-Razi na Elimu ya Zaji

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hizi ni khabari chache za mtu ambaye jina lake latajwa sana na kazi yake yajulikana kidogo, naye ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Ar-Razi. Alizaliwa mwezi wa Shaaban mwaka 251 Hijria, yaani 865 Miladi, katika mji wa Rayy, karibu na ilipo Tehran leo. Alikuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad.

Katika zama zake watu wengi wa alkemia waliandika kwa mafumbo, ili asiyekuwa mwenzao asifahamu. Ar-Razi katika Kitab al-Asrar aliandika wazi: vyombo ni hivi, vitu ni hivi, kazi hufanywa hivi. Madini aliyagawa mafungu sita. Zebaki na kiberiti, yaani salfa, aliviweka katika roho, kwa kuwa hupaa motoni; shaba, dhahabu na chuma katika miili; zaji akazipa fungu lake mbali.

Zaji moja twaijua sana pwani yetu ya Tanga na Pangani, nayo ni mrututu, lile jiwe la buluu ambalo wazee walilisaga na kulitia katika madonda. Elimu iliyokuja baadaye imebainisha kuwa ndani ya jiwe hilo mna shaba na salfa, vitu alivyoviweka Ar-Razi katika mafungu mbalimbali.

Namna ya kuungana kwake ni hii. Shaba nyekundu ukiitia katika asidi ya salfa iliyozimuliwa kwa maji, hukaa vile vile, wala haitoi povu kama chuma. Kwa hiyo mafundi huitumia asidi hiyo kusafishia shaba: huondoa weusi ulioletwa na moto, na madini yenyewe husalimika. Lakini asidi nzito ikipashwa moto huila shaba. Hutoka moshi mkali wa salfa wenye kukaba pumzi, na kile kinachobaki kikiyeyushwa katika maji hugeuka buluu; maji yakipungua, fuwele za mrututu huganda. Njia hii ina hasara, maana nusu ya asidi inayotumika hugeuka moshi. Kwa hiyo viwandani aghalabu shaba huchomwa kwanza, au hupulizwa hewa, ndipo asidi iliyozimuliwa iweze kuiyeyusha. Na mwenye kuzimua asidi hutia asidi katika maji kidogo kidogo; akitia maji katika asidi, hurukiwa usoni.

Mwaka 1885 Millardet wa Ufaransa alitangaza dawa ya mizabibu iliyochanganywa mrututu na chokaa, na dawa za shaba zikaja kupigwa hata katika mibuni ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kutu ya majani. Tena mrututu ulitiwa katika maji kuua konokono wa kichocho, kabla ya kupatikana dawa nyingine. Kinachoua konokono huua na samaki, na mtu akiumeza humdhuru tumbo, ini na figo. Wale waliokuwa wakinywesha watoto mrututu ili watapike walicheza na roho za watu.

Wako wasemao kwamba Ar-Razi ndiye aliyegundua asidi ya salfa. Ushahidi wa neno hilo ni dhaifu, naye ana sifa za kumtosha. Alimpa kima zebaki ili atazame madhara yake. Na katika ugonjwa wa homa ya kichwa alitoa damu kundi moja la wagonjwa, akaliacha jingine makusudi, apate kulinganisha. Alipambanua ndui na surua katika risala mahsusi. Wanazuoni walimpinga vikali katika baadhi ya rai zake za dini, na jambo hilo ni mashuhuri.

Mwisho wa umri wake alipofuka. Alifariki Rayy, Shaaban 313, yaani 925 Miladi. Kitabu chake kikubwa, Al-Hawi, kilikusanywa na wengine baada ya kufa kwake kutokana na karatasi alizoziacha, na mwaka 1279 kikafasiriwa kwa Kilatini huko Sicily.