Manute Bol: Chali wa Turalei Aliyechaguliwa NBA Mara Mbili, Karatasi Ikamlaza Mara ya Kwanza

Ukisimama Malaba asubuhi utaona malori yamepanga foleni hadi macho yachoke. Mengine yanaishia Kampala. Mengine yanakata Uganda yote hadi Juba. Sisi wa Adungosi, hapa kwa barabara ya Busia na Malaba, tumezoea kuskia madere wakilalamika kitu kimoja: mzigo uko sawa, gari iko sawa, lakini karatasi moja haijakaa fiti. Basi unalala hapo hadi karatasi ijipe.

Stori ya leo ni ya msee aliyetoka huko malori ya Juba yanakoelekea, tena mbele zaidi. Mwili ulikuwa sawa. Kipaji kilikuwepo. Karatasi ndiyo ilimlaza miaka 2.

Manute Bol alizaliwa Turalei, kaskazini mwa nchi ambayo leo tunaita Sudan Kusini, kwa Wadinka wafugaji. Tarehe inayoandikwa ni 16 Oktoba 1962, lakini huko ushago hakukuwa na mtu wa kumwandikia cheti cha kuzaliwa, kwa hivyo umri wake ulibishaniwa maisha yake yote. Kitu hakikubishaniwa ni urefu. Mathe na buda wake wote walikuwa warefu, lakini Manute aliwapita hadi akasimamia futi 7 na inchi 7, yaani mita 2.31. Mlango wa kawaida wa nyumba ulikuwa mfupi kwake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ng'ombe, kama vijana wote wa kwao. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kandanda, lakini akaona miguu inakuwa mirefu kuliko mpira unavyotaka. Mwisho wa miaka ya 70 akaonyeshwa basketi mjini Wau. Inasemekana mara ya kwanza kuruka kudanki, meno yakanaswa kwa neti, akatua chini mengine yakiwa yameenda. Msee mwingine angerudi kwa ng'ombe. Yeye alienda Khartoum kuendelea kucheza.

Huko ndiko bahati ilimpata. 1982, kocha Mmarekani anaitwa Don Feeley alikuwa Sudan kufunza timu ya taifa. Akamwona huyu jamaa akisimama tu, mikono karibu ifike kwa ringi, na akajua lazima ampeleke majuu. 1983 Manute akafika Marekani. Ngeli hakujua. Kusoma na kuandika pia ilikuwa shida.

Sasa hapa tueleweshane kidogo. Tukisema drafti, si ile ya vifuniko vya soda tunacheza kwa stage. Drafti ya ligi za Marekani ni siku ambayo timu zinagawana vijana ambao bado hawajaingia kwa hiyo ligi. Zinachagua kwa zamu, na kawaida zile zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo zinatangulia, ndio ligi isitawaliwe na timu moja. Timu ikitaja jina lako, ndiyo yenye haki ya kukusaini. Wewe huchagui. Unachaguliwa.

Kila mchezo una yake. Besiboli ilianza drafti 1965, na inachukua vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico pekee. Ndio maana majirani wetu wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, waliposainiwa na Los Angeles Dodgers 2022, hawakupitia drafti. Timu iliwachukua moja kwa moja. Kwa basketi ya NBA mambo ni tofauti: hata kama umetoka Turalei, lazima upite drafti kwanza.

1983 kocha wa Clippers, Jim Lynam, wakati huo timu ikiwa San Diego, akapewa rada na Feeley kuhusu huyu jitu. Clippers wakamtaja raundi ya 5, nambari 97. Manute akawa amechaguliwa NBA hata kabla hajajua kuagiza chakula kwa Kizungu.

Halafu karatasi zikaanza kuongea. Pasipoti yake ilikuwa imeandikwa urefu wa futi 5 na inchi 2. Ndio, umesoma sawa. Wanasema alipimwa akiwa ameketi. Ukiamini hiyo pasipoti, Manute alikuwa mfupi kuliko makanga wengi wa hii barabara yetu. Juu ya hiyo, sheria ya ligi ilitaka kijana kama yeye atangaze mapema, siku 45 kabla ya drafti, kwamba anataka kuchaguliwa. Hilo halikuwa limefanyika. NBA ikafuta jina lake. Nambari 97 ikawa hewa.

Hebu jiweke kwa viatu vyake, kama utavipata. Uko nchi ya wenyewe, baridi inakuua, hujui lugha, ulikuwa umeitwa kwa ligi kubwa kuliko zote halafu unaambiwa rudi nyuma. Na nyumbani, mwaka huohuo wa 1983, vita kati ya kaskazini na kusini vikawa vimelipuka tena.

Manute hakurudi. Alikaa Cleveland akijifunza ngeli, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, shule ndogo inayocheza daraja la pili la vyuo. Msimu wa 1984 na 1985 alikuwa na wastani wa pointi 22 na zaidi kila mechi, na mipira 7 hivi aliyozuia. Ukumbi ambao viti vyake vilikuwa vinabaki wazi ukaanza kujaa hadi watu wanarudishwa. Wengi walikuja kushangaa mwili, wakabaki kwa sababu ya mchezo.

Angeweza kumaliza chuo polepole. Lakini alikuwa na dada huko Sudan, na hali ilikuwa inachacha. Akaamua doo lazima zipatikane sasa. 1985 akaacha chuo, akacheza wiki chache kwa ligi ndogo ya kulipwa na Rhode Island Gulls, kisha akaingia drafti mara ya pili. Safari hii karatasi zilikuwa zimenyooka. Patrick Ewing akatajwa wa kwanza. Wakafuata akina Chris Mullin, Karl Malone, Joe Dumars. Majina 30 yakapita. La 31 lilikuwa Manute Bol, akaenda Washington Bullets.

Kumbuka hawa 30 walitangulia, halafu cheki alichofanya. Msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397, karibu 5 kila mechi, akaongoza ligi nzima. Hakuna mgeni wa NBA amewahi kuifikia hiyo namba hadi leo. Alikuwa mwembamba hadi watu wakadhani atavunjwa, lakini ukirusha mpira karibu naye ni kama umeupelekea mwenyewe. 1987 Bullets wakamleta Muggsy Bogues, chali wa mita 1.60, na hivyo mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote wakavaa jezi moja. Hizo picha bado zinazunguka mitandaoni hadi wa leo.

Baadaye alihamia Golden State, ambako walimruhusu kurusha za pointi tatu, mafans wakawa wanasimama kila akiinua mikono. 1993, akiwa Philadelphia, alitia 6 za mbali kwa nusu moja ya mechi dhidi ya Phoenix. Alipomaliza NBA alikuwa amezuia mipira 2,086 na kufunga pointi 1,599. Ni yeye peke yake kwa historia ya ligi ambaye amezuia mingi kuliko pointi alizofunga. Yaani kazi yake ilikuwa kukataa, na aliifanya vizuri sana.

Sasa, ganji ilienda wapi? Hapa ndipo wengi hukosea, wakifikiri alisota kama mastaa wengine, kwa magari na raha. Manute alikuwa anapeleka pesa nyumbani. Vita vilikuwa vimechukua jamaa zake wengi sana, na yeye alikuwa anatembelea kambi za wakimbizi, analisha watu, anaenda Washington kuongea na wakubwa juu ya Sudan. Mamilioni ya dola yakaisha hivyo.

Miaka ya 90 ikiisha alirudi Khartoum akitumaini amani. Serikali ilimtajia kazi ya uwaziri wa michezo, lakini sharti likawa abadilishe dini kutoka Ukristo kwenda Uislamu. Akakataa. Alipotaka kuondoka, karatasi zikamkwamisha tena. Alitoka kupitia Misri, na 2002 akafika tena Marekani bila kitu.

Mwaka huohuo alipanda ulingoni kupigana ngumi na William Perry, staa wa zamani wa kandanda ya Marekani, akashinda. Pia alisainiwa siku moja na timu ya hoki ya barafu na hakuwa anajua kuteleza kwa barafu. Watu walicheka sana. Lakini hesabu yake ilikuwa rahisi: wacheke, walipe, na zile pesa ziende kwa watoto wa Sudan. 2004 alipata ajali mbaya ya teksi Connecticut, na bado akiwa na maumivu aliendelea kuchangisha pesa za shule, moja ikiwa ya Turalei kwao.

2010 alikuwa kusini mwa Sudan wakati wa uchaguzi, akaanza kuugua. Alikufa 19 Juni mwaka huo Charlottesville, Virginia, figo zikiwa zimegoma, akiwa na miaka 47 kwa ile hesabu ya karatasi. Alizikwa Turalei. Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi. Hakuiona hata siku moja.

Mtoto wake, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum, alitajwa kwenye drafti ya NBA 2019, nambari 44. Jina lake halikufutwa na mtu.

Kwa hivyo wewe wa hapa Adungosi unayejua mguu au mkono wako una kitu, endelea na mazoezi, hiyo iko sawa. Lakini kabla Don Feeley wako hajashuka kwa hilo lori, fungua kabati ya mathe ucheki cheti chako cha kuzaliwa kimeandikwa nini. Na siku ya kupimwa urefu kwa pasipoti, simama.