Philip Hench na siri ya baridi yabisi

Mgonjwa wa baridi yabisi huamka asubuhi vidole vimekakamaa, viganja vimevimba, na huchukua saa nzima au zaidi kabla ya kuweza kufunga kifungo cha shati. Maumivu hushika viungo vya pande zote mbili za mwili, nao uchovu hauondoki hata baada ya kulala. Leo inafahamika kuwa ni kinga ya mwili inayoushambulia mwili wenyewe.

Philip Showalter Hench alipoanza kazi mwaka 1923 katika hospitali ya Mayo, mjini Rochester, jambo hilo halikujulikana. Rochester iko kusini ya kitongoji cha Woodbury, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huo hauna njia ya kurudi nyuma.

Hench alizaliwa Pittsburgh mwaka 1896 akiwa na kaakaa lililopasuka, hali iliyomfanya atamke maneno kwa shida maisha yake yote. Pengine ndiyo sababu alikuwa msikilizaji hodari.

Mwaka 1929 mgonjwa wake mmoja, daktari wa umri wa miaka 65, alimweleza kuwa maumivu yalitoweka alipopatwa na umanjano wa ngozi na macho. Baadaye Hench akabaini kwamba wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu wanapokuwa wajawazito. Akakisia kuwa mwili wenyewe hutengeneza kitu chenye kutuliza maradhi, akakiita X.

Katika hospitali hiyohiyo, mwanakemia Edward Kendall alikuwa akitenga homoni za tezi zilizo juu ya figo. Mwaka 1941 walikubaliana kuijaribu moja kati yake, iliyopewa herufi E. Lakini ilipatikana kwa uchache mno, na vita vikaingilia kati. Ilisemekana kuwa Wajerumani wakiwapa marubani wao dawa ya tezi hizo. Uvumi tu, ingawa uliihimiza serikali ya Marekani kugharamia utafiti. Kampuni ya Merck ikafaulu kuitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe.

Septemba 1948 mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa hajiwezi, alidungwa sindano ya kwanza. Baada ya siku chache akatembea, na wiki haikupita akaenda mjini madukani. Mwaka huohuo, humo Mayo, Malcolm Hargraves na wenzake walieleza chembe iliyowasaidia madaktari kuutambua ugonjwa wa lupus, ambao nao ulikuja kutibiwa kwa dawa hiyo, kortisoni.

Furaha ilikuwa na kasoro. Dawa iliposimamishwa, uvimbe ulirudi. Ilipotumiwa kwa wingi, nyuso zilivimba zikawa mviringo, mifupa ikadhoofu, na baadhi ya wagonjwa wakavurugikiwa akili. Hench mwenyewe alikataa kuiita tiba kamili, tofauti na magazeti ya wakati ule.

Mwaka 1950 yeye, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Sehemu ya fedha zake Hench aliwagawia waliomsaidia.

Alifariki dunia Machi 1965 huko Ocho Rios, Jamaika, alikokuwa mapumzikoni. Hati alizokusanya kwa miaka mingi kuhusu historia ya homa ya manjano zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Virginia.